Kutoka Nairobi Mpaka New York: Mwendo wa Anga na Hesabu ya Saa Zake



Zamani, mzee wa kwetu milimani Taita aliposema kwamba mwanawe yu mbali, watu walielewa kwamba kijana yuko Mombasa au Nairobi, na kwamba atarudi kwa gari la moshi wakati wa Krismasi. Siku hizi maana ya neno hilo imekua. Ni nyumba nyingi zilizo na mtoto, au mjukuu, au shemeji, aliyevuka bahari akakaa Marekani kwa masomo au kwa kazi, na picha yake imetundikwa ukutani karibu na kalenda. Na kila nyumba iliyo na mtu huko huuliza swali lile lile: Je, ni mbali kiasi gani? Na mtu akiondoka huko leo, atafika hapa lini?

Swali hili laonekana jepesi, walakini tumeona watu wazima wenye akili wakilikosea, na kukosea kwao kukaleta machozi na ugomvi nyumbani. Kwa hiyo twapenda kueleza habari za mwendo ulio kati ya viwanja viwili vya eropleni, kile cha Nairobi na kile cha New York. Sisi wenyewe tulijaliwa kuipita njia hiyo, kwenda na kurudi, katika mwezi wa Januari; na yale tuliyoyaona kwa macho yametusaidia kuyafahamu yale tuliyoyasoma.

VIWANJA VIWILI

Kiwanja cha Nairobi kilifunguliwa mwaka 1958 katika uwanda wa Embakasi, na tangu 1978 kinaitwa kwa jina la Jomo Kenyatta. Mahali pale pameinuka mita 1,624 juu ya bahari. Hewa ya juu ni nyembamba kuliko hewa ya pwani, na mabawa ya ndege hushikwa na hewa. Kwa sababu hiyo chombo kilicho kizito huhitaji kukimbia mwendo mrefu zaidi kabla ya kuinuka. Ndiyo maana njia ya kurukia ya Nairobi ina urefu uliopita kilomita 4. Usiku, wakati wa baridi, hewa huwa nzito kidogo kuliko mchana, na hiyo ni faida kwa ndege iliyojaa watu na mafuta ya safari ndefu.

Kiwanja cha New York ni kinyume chake. Kimejengwa ukingoni mwa ghuba iitwayo Jamaica Bay, nacho kimeinuka mita 4 tu juu ya bahari. Kilianza kazi mwezi wa Julai 1948, na watu wakakizoea kwa jina la Idlewild. Mwezi wa Desemba 1963 kilipewa jina la Rais John F. Kennedy, aliyekuwa ameuawa mwezi uliotangulia. Ndege inaposhuka pale, mgeni hudhani kwamba yaenda kutua majini, maana haoni nchi kavu mpaka dakika za mwisho. Bibi mmoja aliyeketi karibu nasi alifumba macho akashika mkono wa jirani yake asiyemjua, wala hakuuachilia mpaka magurudumu yalipogusa chini.

JINSI NJIA ILIVYOFUPIKA

Si vema kudhani kwamba njia hii ilikuwapo siku zote. Mwaka 1931 kampuni ya Waingereza iliyoitwa Imperial Airways ilianza kuchukua barua kutoka London mpaka Mwanza, kwa njia ya Misri, Sudan na Kisumu. Katika Ziwa Victoria eropleni zake zilikuwa za namna ya kutua majini, nazo zilifanya safari kwa vituo, zikipumzika usiku kama msafara wa wapagazi. Wakati ule jambo hilo lilikuwa ajabu kubwa.

Baadaye, mwezi wa Septemba 1959, wanafunzi 81 wa Kenya, waliopatiwa nafasi za masomo kwa juhudi za Tom Mboya na rafiki zake wa Marekani, waliruka kutoka Nairobi wakashuka katika kiwanja kile kile cha Idlewild. Lakini ndege yao ilikuwa haina budi kutua njiani na kutia mafuta, kwa kuwa ndege za abiria za siku zile hazikuweza kuchukua mafuta ya kutosha kwa mwendo wote. Kwa miaka mingi baada ya hapo mtu wa Kenya aliyekwenda New York alipita London, au Amsterdam, au Dubai, akashuka, akangoja, akapanda tena.

Mwezi wa Februari 2017 wakuu wa usafiri wa anga wa Marekani waliipa Kenya daraja la kwanza la usalama, ambalo pasipo hilo ndege za nchi yetu hazikuruhusiwa kwenda huko moja kwa moja. Hata tarehe 28 Oktoba 2018 kampuni ya Kenya Airways ilituma ndege yake ya kwanza kutoka Nairobi mpaka New York bila kutua popote, kwa chombo cha namna ya Boeing 787. Ratiba iliyotangazwa ilikuwa saa 15 za kwenda na saa 14 za kurudi. Msomaji aitazame tofauti hiyo ya saa moja, maana tutaieleza.

MWENDO WENYEWE

Ukipima mwendo ulio mfupi kuliko wote kati ya viwanja hivi viwili, utapata karibu kilomita 11,840, yaani kama maili 7,360. Mzunguko wote wa dunia ni kama kilomita 40,000. Basi msafiri wa njia hii amekwenda zaidi ya robo ya dunia, naye hajainuka kitini ila kwa kunyoosha miguu.

Hapa walimu waangalie jambo moja. Ukitwaa ramani ya ukutani, ile iliyo bapa, ukaweka rula kati ya Nairobi na New York, mstari wako utapita Jamhuri ya Afrika ya Kati, Nigeria, Burkina Faso na Mauritania, kisha utaingia baharini. Mstari huo wapendeza macho, walakini si njia fupi. Dunia ni mviringo, na ramani bapa ni kama ganda la chungwa lililokandamizwa juu ya meza: hapana budi livutwe mahali fulani. Twaa mpira, au boga lililo duara, utie alama mbili mahali panapofanana na miji ile miwili, kisha uvute uzi kati yake mpaka ukaze. Uzi utapanda kaskazini zaidi kuliko rula. Ukifanya hivyo juu ya tufe la shule, utaona unaiacha Kenya, unapita Uganda, kisha pembe ile ambapo Sudan Kusini, Sudan na Jamhuri ya Afrika ya Kati zinakaribiana, kisha Chad, Niger, Algeria na Moroko. Halafu unaingia Bahari ya Atlantiki na kupita karibu na visiwa vya Azores, vilivyo vya Ureno. Njia ya rula yapita kilomita 12,190. Njia ya uzi ni fupi kwa kilomita 350 hivi, nazo ni kama kutoka Voi mpaka Nairobi na zaidi kidogo.

Tulipokuwa juu ya Sahara tuliitazama ramani iliyo katika kioo kidogo mbele ya kiti. Kwa muda wa saa nyingi picha ya ndege ilikuwa juu ya nchi ya rangi ya mchanga tu, na tulipochungulia dirishani hatukuona taa, isipokuwa mara moja, kitu kimoja chekundu chini kabisa kama kaa la moto katika majivu. Nchi ambayo zamani ngamia waliivuka kwa miezi, sisi tuliivuka huku watu wamelala na viatu vyao viko chini ya viti.

KWA NINI KWENDA NI SAA 15 NA KURUDI NI SAA 14

Ndege za namna hii huenda kama kilomita 900 kwa saa. Gawanya 11,840 kwa 900, utapata saa 13 na dakika chache. Mbona basi ratiba yasema 15?

Kwanza, saa za ratiba huanza ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa, si inapoinuka. Nayo hutambaa chini polepole kama gari, na kungoja zamu, na kupanda taratibu. Pili, rubani hafuati uzi wetu hatua kwa hatua. Hukwepa mawingu ya dhoruba, hukwepa anga la nchi zenye vita, na hufuata njia zilizowekwa ili vyombo visigongane. Tatu, na hili ndilo kubwa, kuna upepo.

Katika nchi zilizo kati ya joto la ikweta na baridi ya ncha ya kaskazini, juu sana, kilomita 9 mpaka 12 kutoka chini, kuna pepo zinazovuma kutoka magharibi kwenda mashariki kama mito iendayo kasi. Wakati wa baridi mara nyingi hupita kilomita 200 kwa saa. Karibu na ikweta hazina nguvu hiyo, kwa hiyo msafiri wetu hukutana nazo katika nusu ya njia tu, ile ya kaskazini na baharini. Tuseme nusu hiyo ni kilomita 6,000, na upepo wa wastani ni kilomita 100 kwa saa. Anayekwenda Marekani anapigwa usoni: mwendo wake juu ya nchi ni 800, naye hutumia saa 7 na nusu. Anayerudi anasukumwa mgongoni: mwendo wake ni 1,000, naye hutumia saa 6. Siku nyingine upepo huwa haba na tofauti hupungua, siku nyingine huzidi. Mabaharia wa jahazi, waliongoja kaskazi na kusi, hawatalistaajabia jambo hili.

Mwanafunzi mmoja alituuliza swali zuri. Alisema: "Mwalimu, dunia yazunguka kuelekea mashariki. Ndege ikiinuka na kwenda magharibi, je, New York haiji kuilaki?" Tukamjibu hivi: Ukiwa ndani ya treni iendayo Mombasa, ukatembea kutoka behewa la mbele mpaka la nyuma, je, utafika upesi kuliko ukitembea kutoka nyuma kwenda mbele? La, ni sawasawa, kwa kuwa sakafu na hewa yote iliyo ndani vinakwenda pamoja nawe. Hewa ya dunia nayo huzunguka pamoja na dunia, na ndege huogelea ndani ya hewa hiyo. Kinachoisaidia au kuizuia ni upepo tu, yaani hewa inayokwenda mbio kuliko nchi iliyo chini yake au kinyume chake.

SAA ZA UKUTANI

Sasa twaja kwenye jambo linalowakosesha watu wengi. Saa za safari ni kitu kimoja, na saa za ukutani ni kitu kingine.

Dunia humaliza mzunguko wake wa digrii 360 katika saa 24, yaani digrii 15 kwa kila saa. Nairobi iko kama digrii 37 mashariki, na New York kama digrii 74 magharibi. Jumla ni 111. Gawanya kwa 15, utapata saa 7 na dakika 24. Maana yake, jua linapotuangazia sisi utosini, watu wa New York wangali katika giza, na kwao adhuhuri itafika baada ya saa 7 na dakika 24. Lakini watu hawawezi kuishi kwa vipande vya dakika, kwa hiyo nchi hukubaliana saa kamili. Wakati wa baridi yao, New York iko nyuma yetu kwa saa 8. Wakati wa joto wao husogeza saa zao mbele kwa saa moja, tangu Jumapili ya pili ya Machi mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba, na hapo tofauti huwa saa 7. Sisi wa Afrika ya Mashariki hatusogezi saa zetu, kwa kuwa jua letu halibadiliki sana. Ndiyo sababu mtoto aliyezoea kupiga simu saa tatu za usiku kwa saa yetu huanza, mwezi wa Novemba, kupiga saa nne, na mama yake akadhani amezidiwa na kazi.

Haya, tuhesabu safari. Tuseme ni Januari, na ndege yaondoka Nairobi saa tano za usiku. Ongeza saa 15: Nairobi sasa ni saa nane za mchana wa kesho yake. Toa saa 8: New York ni saa kumi na mbili asubuhi. Mtu aliyetazama saa za ukutani peke yake atasema, "Ameondoka saa tano usiku, amefika saa kumi na mbili alfajiri, safari ni ya saa 7." Kumbe ni 15.

Na kurudi je? Tuseme ndege yaondoka New York saa sita za mchana. Nairobi wakati huo ni saa mbili za usiku. Ongeza saa 14: yatua Nairobi saa nne asubuhi, kesho yake. Kwa saa za ukutani ni saa 22. Jumlisha 7 na 22, utapata 29; jumlisha 15 na 14, utapata 29 vilevile. Saa hazikupotea wala hazikuongezeka. Msafiri alikopeshwa saa 8 alipokwenda, akazilipa aliporudi.

Nasi tuliliona jambo hili kwa macho. Tulipokwenda, usiku ulikataa kwisha. Saa yetu ya mkononi, ambayo hatukuigeuza, ilisema ni saa nne asubuhi, wakati ambapo nyumbani chai imekwisha kunywewa na mbuzi wako malishoni, nasi tungali katika giza nene juu ya bahari. Ndege ilikuwa ikilikimbia jua. Lakini jua hushinda: katika ikweta kivuli cha usiku hukimbia kama kilomita 1,670 kwa saa, na katika usawa wa New York kama 1,270, hakuna ndege ya abiria ya namna yetu iwezayo kushindana nalo. Tulitua kungali giza, na theluji imelala kando ya njia ya kurukia. Tulipokuwa tukirudi mambo yaligeuka: tuliondoka adhuhuri, na kabla hatujamaliza kula chakula na kupumzika kidogo jua lilikuwa limekwisha kuzama nyuma yetu.

MSIBA WA SAA NANE

Sasa tuwaeleze jambo lililotokea katika mtaa ulio jirani na wetu. Majina hatutayataja.

Mzee mmoja alifariki dunia Jumatatu alfajiri, katika mwezi wa Februari. Mwanawe wa kwanza alikuwa akifanya kazi Minnesota, ambako ni mwendo wa saa 3 hivi kwa ndege kabla ya kufika New York. Kijana alipopata habari aliomba ruhusa, akatafuta tikiti, akapiga simu: "Baba mdogo, nitaondoka New York Jumanne saa sita mchana. Naomba mningoje." Baba mdogo akajibu, "Tutakungoja, mwanangu."

Ndipo Baba mdogo akaketi na wazee, akahesabu kwa vidole. Tangu saa sita mchana, saa 14 za ndege, ni saa nane za usiku. Saa moja na nusu ya pasipoti na mizigo, ni saa tisa na nusu. Saa sita za barabara mpaka milimani, ni saa tatu na nusu asubuhi, Jumatano. Akaongeza kidogo kwa ajili ya matope, akatangaza mazishi saa tano.

Jumatano saa tano watu walikuwa wamejaa uani, na kijana hayupo. Saa sita, hayupo. Simu yake ilikuwa na laini ya Marekani, haikushika huku. Saa saba mawingu yakakusanyika juu ya mlima. Saa nane wazee wakasema, "Hatuwezi kuwanyeshea watu mvua," na mzee akazikwa.

Kijana alikuwa ametua Nairobi saa nne asubuhi. Alipofika Mtito Andei, saa tisa, dereva alimwazima simu, naye akaambiwa. Alifika nyumbani saa kumi na moja na nusu, akakuta wanawake wanaosha sufuria. Alikwenda moja kwa moja kaburini na viatu vyake vya safari, akaketi juu ya udongo mbichi mpaka giza likaingia.

Machungu hayakuishia hapo. Watu walinong'ona: ndege ilitua saa nane za usiku, naye amefika jioni, je, alikuwa wapi muda huo wote? Wengine walisema alipumzika kwanza kwa rafiki zake mjini. Naye kwa upande wake alisema moyoni, waliahidi kunigoja, hawakunigoja. Alirudi Marekani bila kumuaga Baba mdogo, na kwa miezi mingi hawakusemezana.

Mambo yalitengenea siku ambayo mwalimu wa shule aliitwaa picha ya tikiti ile, iliyokuwa katika simu ya mama wa kijana, akaisoma mbele ya wazee na kuandika hesabu juu ya karatasi. Tikiti ilisema wazi kwamba ndege itatua Nairobi Jumatano saa nne asubuhi. Saa sita ya mchana aliyoitaja kijana ilikuwa saa sita ya New York, na Baba mdogo aliihesabu kana kwamba ni saa sita ya Wundanyi. Zile saa 8 alizodaiwa kijana hakuwa nazo. Zilikuwa tofauti ya saa za miji miwili. Baba mdogo alinyamaza kwa kitambo, kisha akasema, "Basi nipigieni simu ile, niseme naye." Na mama akasema, "Nyote wawili mlisema kweli, ila kila mtu kwa saa yake."

NAMNA YA KUHESABU

Kwa ajili ya mambo ya namna hii twawapa wasomaji shauri lenye sehemu nne, na twawaomba walimu walifundishe pia shuleni.

La kwanza: usiulize saa ya kuondoka, uliza saa ya kutua, nayo iwe kwa saa ya Nairobi. Tikiti zote za ndege huandika kila saa kwa saa ya mji unaotajwa: saa ya kuondoka ni ya mji wa kuondokea, na saa ya kutua ni ya mji wa kutulia. Kwa hiyo mtu aliye nyumbani hana haja ya kuongeza wala kutoa. Na autazame mstari wa mwisho tu.

La pili: iangalie siku. Mara nyingi pembeni pa saa ya kutua huandikwa alama ya kuongeza na tarakimu 1, maana yake ni kesho yake. Tena tikiti huanza siku mpya saa sita za usiku, lakini sisi Waswahili husema usiku ule ni wa kuamkia kesho. Tikiti ikisema Jumatano dakika 30 baada ya saa sita za usiku, yapasa msafiri awe kiwanjani Jumanne jioni. Wako waliokwenda Jumatano jioni wakaambiwa ndege yao iliondoka jana.

La tatu: uliza kama ndege yaenda moja kwa moja. Si kila siku mtu hupata nafasi katika ndege ya moja kwa moja, na ratiba hubadilika kwa majira. Akipita London, njia yake yakuwa kilomita 12,380 hivi, nayo si ndefu sana kuliko ile fupi. Walakini saa za angani zakuwa kama 17, na juu yake aongeze muda wa kungoja. Akipita Dubai, kwanza aruka kilomita 11,000 kutoka New York, kisha 3,550 kuja Nairobi, jumla 14,550. Huyo amezidisha kilomita 2,700, na kwa kungoja kwake aweza kumaliza siku nzima na zaidi njiani.

La nne: hesabu kutoka mlango mpaka mlango. Kiwanja cha New York si nyumba ya mwanao, na kiwanja cha Nairobi si nyumba yako. Kijana wa Minnesota aliamka usiku Jumanne ili aipate ndege ya kwanza, naye akafika kwao Jumatano jioni. Katika muda huo wote ile safari kubwa, yenye kilomita 11,840, ilichukua saa 14 tu. Zilizobaki zililiwa na ndege ndogo ya asubuhi, na kungoja, na foleni ya pasipoti, na barabara ya Mombasa yenye malori.

Kwa hiyo wazee wapangapo siku ya mazishi au ya arusi, nao wana mtu atokaye Marekani, wasiridhike na neno la kinywa, "naondoka kesho." Na waitishe picha ya tikiti, kijana yeyote aliyemaliza darasa la nane aweza kuwasomea. Kisha waongeze saa moja na nusu ya kiwanjani, na saa za barabara, na saa mbili tatu za akiba, ndipo watangaze. Na msafiri naye, kabla hajapanda, na aseme hivi kwa maneno mepesi: "Nitatua Nairobi siku fulani, saa fulani ya kwenu. Nyumbani nitafika saa fulani." Afadhali tena amtaje ndugu mmoja aliye Nairobi, mwenye simu inayoshika, atakayemlaki na kupeleka habari kwa waliobaki uani.

Mwakani tukijaliwa, twatumaini kuwaeleza habari za watu wetu walioko New York, jinsi wanavyokaa na kukutana. Kwa sasa yatosha. Aliye na tufe shuleni na avute uzi wake, na aliye na mtoto huko na amwulize leo hii tofauti ya saa ni ngapi, saba au nane, akaiandike katika kalenda iliyo ukutani.